Tulivyolala wanne kwenye chumba kidogo cha meli, na usiku wa kwanza ulivyonifundisha

Nianze na saa nane za usiku, usiku wa kwanza kabisa. Meli ya kitalii imetoka bandari ya Galveston, Texas, jioni, sisi wanne tumelala kwenye chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha, na mimi nimeshtuka kwa sababu binti yangu analia na simwoni. Giza la chumba cha ndani jamani si kama kuzima taa nyumbani, nyumbani kuna taa ya barabarani, kuna saa ya maikrowevu, kuna kamwanga chini ya mlango, kule ukifumba macho na ukifumbua ni kitu kilekile. Nilikuwa nimemlaza katikati, mimi huku baba yake kule, na kile kitanda kikubwa cha melini mara nyingi ni vitanda viwili vidogo vimesukumwa vikakutana, sasa kwa kugeukageuka kwetu magodoro yakaachana kidogokidogo na mtoto akazama pale katikati mguu mzima mpaka kiunoni na shuka limembana.

Baba watoto akaruka kutafuta swichi. Sasa pale chini ndipo tulipoweka kitanda cha kukunja, kile chenye neti pembeni, cha mtoto wetu mdogo wa miezi kumi na minne, akakivaa na goti, mdogo akaamka naye akaanza kulia, baba yao kujiinua akajigonga paji la uso kwenye ngazi ya kitanda cha juu, na mpaka taa iwake nahisi ilipita dakika nzima. Hakuna aliyeumia vibaya namshukuru Mungu, mtoto alitoka na alama nyekundu pajani tu. Lakini mimi usingizi ukaisha hapohapo, nikakaa nimempakata nikawa nakiangalia kile chumba. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua nne tu, nilikuja kuzihesabu baadaye, na ndani ya hizo hatua nne kulikuwa na kitanda cha neti, ngazi, kigari cha mtoto, mabegi mawili na viatu vyetu vyote. Nikajiuliza king'ora kikilia sasa hivi tunatokaje hapa.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Kwetu meli mtu haichukulii kirahisi, nilikuwa mtoto wa shule ya msingi tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipozama ikiwa inakaribia Mwanza, mamia ya watu wakaondoka asubuhi moja, na hakuna mtaa kwetu ambao haukuweka matanga. Kabla ya hapo nilishalala melini nikiwa mdogo, tukienda Mwanza na mama kwa MV Victoria, inaondoka jioni inafika asubuhi, daraja la pili lenye dabodeka, mama ananilaza upande wa ukutani yeye anakaa upande wa nje kama kizuizi, na khanga ametufunika wote wawili. Kwa hiyo nilipokuwa napanga safari hii kutoka Houston nilijiona najua. Nilidhani ni kulala tu, watoto wadogo si wanabanana popote. Nilikuwa sijafikiria kwamba kile kitanda cha Victoria kilikuwa kigumu, chembamba, kimeshikana na ukuta hakuna pengo, na mama hakujifunika duveti zito linaloteleza, na korido ilikuwa na taa usiku kucha.

Basi nisimulie tulivyobadilisha, maana usiku wa pili mpaka wa tano tulilala vizuri mno, na chumba ni kilekile, futi za mraba mia na sitini na kidogo, yaani kama mita za mraba 15 na bafu humohumo.

Siku ya pili ilikuwa ya baharini tu, kutoka Galveston mpaka kisiwa cha Cozumel, Mexico, ni kama siku moja na nusu hivi, kwa hiyo tulikuwa na muda. Asubuhi nikamsubiri mhudumu wa chumba kwenye korido nikamweleza yote bila kuona haya. Kaka yule, Mungu ambariki, hakushangaa hata kidogo, akasema familia nyingi zenye watoto zinakuja zinakuta kitanda kikubwa kimeshatandikwa wanadhani ndivyo kilivyo, hawajui kwamba kinatenganishwa. Akaingia na mwenzake, dakika kumi na tano, wakavitenga vile vitanda kila kimoja kikaenda kwenye ukuta wake, kile cha juu kinachoshuka kutoka darini wakakirudisha juu na ngazi wakaichukua, kimeza cha kahawa na kistuli cha dawati nikaomba waviondoe wakaviondoa. Yaani katikati ikatokea sakafu. Nilisimama pale nikajiona kama nimejengewa chumba kingine.

Mama mwenzangu hapo ndipo penyewe. Ukiwa nyumbani unapanga kulala kwa kuhesabu vitanda, vitanda vitatu watu wanne, tutajibana, imeisha. Melini hesabu sakafu. Chukua kwanza njia ya kutoka vitandani mpaka mlangoni na mpaka chooni, hiyo usiiguse, isiwekwe kitu chochote usiku, halafu kinachobaki ndicho unachogawia watoto. Kitanda cha kukunja cha mtoto kile cha neti pembeni kwa kawaida kina urefu wa kama futi tatu na inchi nne na upana futi mbili na inchi nne, kikifunguliwa kinakula karibu sakafu yote ya chumba cha ndani, kwa hiyo kabla hujakubali kiwekwe tu popote pima. Mimi nilipima kwa hatua na kwa khanga, khanga ukiikunja mara mbili kwa urefu unapata picha nzuri kabisa.

Chetu tulikipeleka pembeni kabisa kati ya dawati na miguuni mwa kitanda cha baba watoto, kikaziba mlango mmoja wa kabati. Sawa, kabati hilo tukalihama, nguo za wiki tukazikunja ndani ya mabegi na mabegi yakaenda chini ya kitanda, vitanda vya meli vimeinuka makusudi begi la kawaida linaingia. Za kuvaa kesho nikazitundika ukutani. Hili nililisikia kwa dada mmoja kanisani sikuliamini, kuta za vyumba vya meli nyingi ni za chuma, sumaku inashika, nilibeba ndoano nane za sumaku za dola chache na zilibeba kofia, mikoba, taulo za kuogelea, kadi za chumba, kila kitu kilichokuwa kinalala sakafuni kikapanda ukutani.

Kwa hizohizo ndoano nikatundika khanga kama pazia, kati ya kitanda cha mdogo na vitanda vyetu. Mdogo akituona hata mmoja wetu kageuka tu, anasimama anataka kuchukuliwa, nyumbani ana chumba chake hajazoea kulala anatutazama. Pazia likamaliza hilo. Niliiweka mbali na kitanda kiasi kwamba mkono wake haufiki, na sikuifunika juu ya kitanda, naomba mnielewe hapo, kuna watu wanafunika kitanda cha neti kwa blanketi kuzuia mwanga, chumba chenyewe hakina dirisha hewa ni ya kiyoyozi tu, mtoto anahitaji hewa. Kamba, waya wa chaja, pazia, vyote viwe mbali naye.

Na ndani ya kile kitanda usiweke kitu. Nitalisema hili kwa herufi zote kwa sababu ndugu zangu tunalibishia sana. Godoro lake ni jembamba na gumu na ndivyo linavyotakiwa liwe, wahudumu kwa wema wao watakuletea mto, duveti, blanketi la kukunja liwe laini, shukuru uviweke kabatini. Madaktari wa watoto huku wanasema mtoto mchanga alale chali, peke yake, kwenye godoro gumu, bila mito wala mablanketi malaini, na hasa kama hajatimiza mwaka. Najua kwetu mtoto analala na mama, mimi mwenyewe nimelala na mama, sina la kumlaumu mtu. Ila kitanda cha meli ni kilaini, kina duveti, kina pengo ukutani na pengo katikati, na wewe umetembea juani siku nzima unalala kama gogo. Nilibeba shuka lake mwenyewe la kubana pembe, halijafuliwa makusudi lina harufu ya nyumbani, na alipolalia tu pale akatulia.

Mkubwa sasa. Ana miaka minne na nusu na alitaka kitanda cha juu, tangu aone ngazi alishapanda mara tatu. Alilia jioni nzima. Mimi nikakataa na sijutii, hapa Marekani hata dabodeka za dukani zina onyo kwamba mtoto chini ya miaka sita asilale juu, na hiyo ni nyumba iliyotulia, sembuse chombo kinachoyumba. Kile cha juu kina ukingo mfupi, mtoto akiamka usiku anataka choo hajui yuko wapi, anateremka kwenye hewa. Tukakubaliana atapanda mchana baba yake akiwa amesimama pale, lakini baada ya kitanda kurudishwa darini akasahau kabisa.

Akalala na mimi mzungu wa nne, kichwa chake kwa miguu yangu, upande wa ukutani. Kitanda kimoja kidogo kwa mtu mzima na mtoto wa umri huo kinatosha mkilala hivyo, mkilala vichwa pamoja mnagombania mto na hamlali. Pengo la ukutani nikaliziba na blanketi la akiba, nikalikunja kama chapati likakaza chini ya shuka kwa urefu wote wa kitanda. Chini ya shuka nikatanguliza plastiki ya kuzuia mkojo, niliitoa nyumbani, maana mtoto aliyeacha pampasi miezi mingi anaweza kurudia sehemu ngeni, na kweli usiku wa tatu alirudia, tukavua plastiki tukafuta tukalala, hatukuamsha mtu.

Giza nalo. Usiku wa pili tulikuwa na taa mbili ndogo za betri, moja bafuni na moja chini karibu na mlango. Ya bafuni ndiyo muhimu maana kizingiti cha bafu la meli kimeinuka, ukienda na usingizi unajikwaa. Lakini kilichotusaidia zaidi ni televisheni, meli nyingi zina chaneli inayoonyesha kamera ya mbele ya meli moja kwa moja, ukiiacha hiyo sauti umezima, usiku ni nyeusi inatoa kamwanga kidogo sana hakasumbui mtu, na alfajiri bahari inapoanza kuonekana chumba nacho kinapambazuka taratibu. Mkubwa aliiona asubuhi ile ya Cozumel akaninong'oneza, mama, bahari imeamka. Kuanzia hapo akawa anaamka anaitazama kimya, hatuamshi, anasubiri mpaka iwe bluu ndio anasema. Sikupanga hilo, lilitokea lenyewe, na nusu saa hiyo ya kimya kila asubuhi nitaikumbuka kuliko hata ufukwe.

Soketi hazikutosha na waya za kurefusha umeme zenye kinga meli nyingi haziruhusu, wanazichukua kwenye ukaguzi, kwa hiyo chochote unachotegemea usiku kiwe cha chaji. Tulikuwa na kafeni ka chaji, si kwa joto, kwa mlio, kwa sababu milango ya korido inapigwa mpaka saa saba usiku na watu wanatoka disko wanacheka. Mlio wa feni ulimeza yote hayo. Na ukichagua chumba angalia ramani ya meli juu yako na chini yako kuna nini, usikae chini ya deki la bwawa au la bufee, viti vinaburutwa alfajiri, na usikae jirani na lifti. Chumba kikiwa chini na katikati ya meli hakiyumbi sana kama cha mbele au cha nyuma, chetu kilikuwa hivyo, watoto hawakutapika hata siku moja.

Kigari. Milango ya vyumba hivi ni myembamba, kigari chetu kikubwa hakikupita mpaka tukikunje, na kukiacha koridoni hairuhusiwi, ni njia ya kutokea watu wakati wa hatari, na mimi baada ya usiku ule nilikubaliana nao kwa moyo wote. Beba kile chepesi cha kukunja kama mwavuli. Kinaingia nyuma ya mlango wa kabati.

Jioni ndiyo ngumu kwa wazazi, niseme ukweli. Watoto saa mbili wamelala na nyie wawili mmekaa gizani kama mnajificha. Tulipeana zamu, leo wewe nenda ukaone muziki mimi nabaki, kesho mimi, na anayebaki anakaa chini upande wetu wa khanga na simu mwanga umepunguzwa. Wengine ndio maana wanalipia balkoni, wanakaa nje wanaongea wakati watoto wamelala, na hela ikiwepo naielewa kabisa. Ila balkoni nayo ina kazi yake, komeo la mlango hakikisha liko juu mtoto hafiki, na viti visikae karibu na ukingo hata mchana, mtoto wa miaka minne anapanda kiti kabla hujageuka.

Wifi yangu wa Minneapolis alinipigia baadaye anataka kwenda na mtoto wa miezi mitano. Nikamwambia wifi, subiri kwanza, meli nyingi hazipokei mtoto chini ya miezi sita siku ya kuondoka, na safari za kuvuka bahari kuu au zenye siku nyingi mfululizo bila kugusa bandari wanataka awe ametimiza mwaka. Akaniuliza, kwani akilala kwenye kitanda cha neti si hahesabiwi? Anahesabiwa. Hilo linawakwamisha wengi. Chumba kimeandikwa watu watatu ni watatu, hata wa nne awe wa kunyonya na amekuja na kitanda chake, kwa sababu idadi ya watu inaendana na nafasi kwenye boti za kuokolea. Kwa hiyo wakati wa kubuku weka majina ya wote tangu mwanzo, na hapohapo omba kitanda cha mtoto, ni bure meli nyingi lakini si vingi, omba kwenye kubuku, piga tena simu wiki mbili kabla, na siku ya kupanda ukiingia chumbani kikiwa hakipo uliza mapema mchana, usisubiri saa nne usiku.

Akauliza pia vyumba viwili. Kama mko watano au una watoto wa kulala nyakati tofauti, angalia vyumba viwili vya ndani vinavyoungana, wakati mwingine bei haiko mbali sana na kimoja chenye balkoni. Lakini sema neno kuungana, yaani kuna mlango ndani kati yao. Vya jirani ni kitu kingine, kila kimoja kina mlango wake wa koridoni tu, na usiku huwezi kumwacha mtoto upande wa pili wa ukuta.

Jambo la makoti ya kuokolea nililifanya siku ileile ya pili, lakini ningelifanya kabla hata ya kufungua begi. Niliomba ya saizi ya watoto, la mdogo na la mkubwa, tukawavalisha mchana kweupe wakacheka, baba watoto akajua anamchukua mdogo na mimi mkubwa, hakuna kuulizana. Watoto walipewa vikuku vya mkononi vyenye namba ya kituo chetu cha kukusanyika nao wakalala navyo. Kila usiku kabla ya kuzima taa nilikuwa napita na mguu pale sakafuni, viatu chini ya kitanda, midoli kwenye mfuko wa ukutani, kigari kabatini.

Usiku wa mwisho mabegi yanatakiwa yawe nje ya mlango kabla hujalala ili yashushwe, sasa usijisahau ukapakia nguo za kulala na za asubuhi pamoja na pampasi, weka mfuko mmoja wa mkononi pembeni. Mabegi yalipoondoka chumba kikawa kikubwa cha ajabu. Tulizima taa mapema. Saa nane hivi nikaamka mwenyewe, naona mwili ulishajizoesha, nikateremka pekupeku nikatembea gizani mpaka mlangoni. Hatua nne. Hakuna kilichonigusa mguu. Nikasimama pale nikiwasikiliza wanavyohema wote watatu, kisha nikarudi kulala, vidole vya binti yangu viko begani kwangu, na kwenye televisheni hakuna kitu bado, ni maji meusi tu yanakuja.